Mufilisi wa Ng'ambo ya Korongo

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Nimekata majani ya ng'ombe, nimetupa samadi kwenye migomba ya juu, nimekunywa chai bila sukari. Mama Ndeshi ameteremka chamani, kwenye ushirika, kupokea malipo ya kahawa. Kahawa yangu, jina lake. Ndiyo hali ilivyo tangu mahakama iliponitangaza mufilisi mwaka juzi. Mzee mzima, naomba hela ya wembe kwa mke wangu.

Obedi amepita barabarani na mwavuli mpya. Amenipungia mkono. Amenipungia! Nikageuka nikaendelea na ng'ombe.

Jumatano, 5 Novemba

Mjini kwa wakili. Binti Massawe, mdogo kuliko mwanangu Ndeshi, lakini ana kichwa. Anasema sheria inaniruhusu kuomba kuachiliwa kwenye ufilisi kabla ya muda. Jaji atatazama nimejiendeshaje, na walionidai wanasemaje. Benki haina pingamizi. Mwenye lori hana pingamizi. Wa kituo cha mafuta naye kanisamehe, Mungu ambariki. Amebaki Obedi tu. Kesi tarehe kumi na moja Desemba.

Akauliza kwa nini nina haraka, mbona wengine husubiri tu. Nikasema nataka kurudi kwenye biashara.

Uongo. Nataka uchaguzi. Januari chama cha msingi kinachagua mwenyekiti, na mufilisi haruhusiwi kugombea. Mwenyekiti ni Obedi. Nataka kumng'oa kwenye kile kiti mbele ya mkewe na kwaya yake nzima. Baada ya hapo nikifa, nizikeni.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika ili hasira isipoe.

Tulipata kipaimara siku moja, mimi na Obedi. Kihamba chake na changu, mashamba ya ukoo, vinatazamana, korongo katikati. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, tulishangilia pamoja. Yeye alitoa fedha, benki ikatoa, mimi nikakodi lori nikazunguka mashambani kuanzia huku Old Moshi hadi Marangu. Nikaweka mzigo ghalani nisubiri bei. Bei ikaporomoka. Obedi alikuja Jumapili baada ya ibada, akala mtori kwangu, akasema, "Hakuna haraka, Aminieli, sisi ni ndugu." Alhamisi yake alikuwa mahakamani kuomba nifilisiwe.

Wakauza mashine ya kumenyea kahawa. Wakauza nyumba ya Soweto, mjini Moshi, niliyomjengea Ndeshi. Sasa mwanangu amepanga chumba hapo hapo Soweto, anapita mbele ya nyumba yake kila siku akienda sokoni. Na mwaka ule ule Obedi akachaguliwa mwenyekiti. Alijinadi kwamba yeye hachezei hela za watu. Watu wakapiga makofi.

Mama yake alipofariki nilisimama msibani nikamwita mwizi, jeneza likiwa pale. Sijuti. Namwonea huruma yule mama tu, alinilisha sana utotoni.

Jumapili, 9 Novemba

Mchungaji kahubiri msamaha. Obedi kaimba besi. Nilitazama shingo yake kutoka Bwana Utuhurumie hadi Amina.

Kilabuni mbege, pombe yetu ya ndizi, wananimiminia mwisho. "Mufilisi angoje." Limekuwa jina langu.

Jumanne, 18 Novemba

Mbwa. Mbwa mkubwa yule.

Wakili kaniita. Obedi ameweka pingamizi, tena kwa hati ya kiapo. Ameapa kwamba nina kahawa nimeificha ukweni Marangu. Ukweni! Kwa bibi kizee asiye hata na pa kuweka mahindi yake! Wakili anasema kiapo chake kikibaki pale, jaji hataniachilia, atataka uchunguzi, na uchunguzi utavuka Januari. Akikiondoa mwenyewe, njia nyeupe.

Nimefika nyumbani nikapiga teke ndoo ya maziwa. Mama Ndeshi alinipa tambara nikafuta mwenyewe.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefikiria kumfungia maji ya mfongo, mfereji unaoanzia kwangu kwenda kwake. Lakini kwa mvua hii, nani anahitaji maji ya mfereji? Hata kisasi hali ya hewa inakikataa.

Jumamosi, 22 Novemba

Ndeshi amekuja na begi. Maji yameingia chumbani kwake. Mimba imekuwa kubwa, miguu imevimba. Mumewe yuko machimboni Mererani, harudi mpaka Krismasi. Atakaa hapa.

Mchana nikaenda kupunguza masale, ile mimea ya mpakani. Nimeshika panga, nimeinama, na nikapata wazo. Nikaketi palepale kwenye matope nikacheka.

Mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, akakiri kosa lake, humkatai. Baba yangu alipokea isale kutoka kwa mtu aliyemvunja mguu. Anayekataa anajitakia balaa, na kijiji kizima kinamtazama kama mtu wa balaa. Obedi hawezi kukataa. Miezi miwili kabla ya uchaguzi? Hathubutu. Na akishanisamehe mbele za watu, atasimamaje kortini kunizuia? Itabidi aondoe kiapo. Nitamfunga kwa jani. Januari nimmalize.

Bei yake ni kwamba lazima nikiri. Nitakiri tusi la msibani. Nitalimeza tu.

Jumatatu, 24 Novemba

Kwa Baba Mdogo Kirita, maana isale haipelekwi bila mtu wa ukoo kukutangulia. Masikio yamekufa, meno yamebaki mazuri. Kaniuliza kama ninaomba kwa moyo. Nikasema ndiyo. "Ee?" Ndiyo, Baba Mdogo. "Ee?" Nikapiga kelele NDIYO mpaka jirani akachungulia. Akauliza mbuzi wa upatanisho ni mnene au wa kubabaisha. Hapo alisikia jibu mara ya kwanza.

Nikamwambia Mama Ndeshi apike mbege. Akanitazama. "Unaomba msamaha au unawinda?"

Nikamwambia aache maneno mengi. Akaanza kuandaa ulezi.

Jumamosi, 29 Novemba

Imekwisha. Naandika tumbo likiwa limejaa nyama.

Tulivuka korongo asubuhi, Baba Mdogo mbele na jani, mimi nyuma na mbuzi, nyuma yetu wanawake na mbege. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Nilipiga magoti. Magoti haya! Nikasema nilimtukana siku ya kumzika mama yake na ninaomba anisamehe. Sauti ilitetemeka, wakadhani ni toba. Ilikuwa hasira.

Nilitegemea ajivute. Azunguke, adai, anipe jasho kidogo. Wapi. Alipokea kwa mikono miwili papo hapo. Machozi yakamtoka. Haraka mno, nikawaza, lakini mbuzi alikuwa anachinjwa na watu wanashangilia, wazo likapita.

Baba Mdogo akatupa maneno, tukayarudia wote wawili, tumeshika kibuyu kimoja. Kuanzia leo, atakayemwinda mwenzake, kwa mkono, kwa mdomo, au kwa mkutano wa watu, balaa lisimpate yeye. Liwapate watoto wake na watoto wa watoto wake. Nikayarudia yote. Nilikuwa naangalia uso wa Obedi tu, nikisubiri aseme lile ninalolitaka.

Akalisema. Jumatatu anakwenda kuondoa kiapo.

Jumanne, 2 Desemba

Ameondoa! Wakili kashangaa, kaniuliza nimemfanyia nini. Nikamwambia mambo ya wazee.

Nimecheka peke yangu kwenye kahawa mpaka ng'ombe akaniitikia.

Ijumaa, 5 Desemba

Obedi alikuja asubuhi kunisalimia. Alikuja jana pia. Leo na mkungu wa ndizi. Akakaa mpaka chakula, akala, akamsifu Mama Ndeshi, akamuuliza Ndeshi miguu yake. Ananiita ndugu yangu. Kila sentensi ndugu yangu, ndugu yangu. Nimetabasamu mpaka mashavu yameuma. Vumilia, Aminieli. Januari.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimeachiliwa.

Jaji aliuliza maswali machache. Bei ilianguka lini, niliweka hesabu, nimeishije. Nilijibu kwa heshima. Afisa anayesimamia ufilisi akasema sikuficha kitu, nilitoa ushirikiano wote. Hakuna pingamizi. Jaji akasoma amri, na mimi si mufilisi tena. Nikalia. Sikutaka, machozi yakaja tu. Miaka miwili ya kumiminiwa mwisho.

Obedi alikuwa benchi la nyuma, kavaa koti la Jumapili. Akanikumbatia nje mbele za watu. Nikamkumbatia. Moyoni nikasema, ngoja.

Nimenunua sukari. Kilo nzima, hela yangu, mfuko wangu. Chai ya leo ilikuwa ya kutia aibu kwa utamu.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimeanza kampeni. Nilianza na wale wa juu, wanaomlalamikia Obedi kila siku kuhusu mizani. Nikasema kwa upole kwamba sasa niko huru, nafikiria kugombea.

Wakatazamana.

Mmoja akasema, "Mbe, mzee, si umekula isale na Obedi?"

Nikasema isale ilikuwa ya tusi, uchaguzi ni kitu kingine. Akasema, "Lakini tulisikia. Mkutano wa watu." Mwingine akaanza kuongelea mvua.

Mkutano wa watu! Niliyatamka mwenyewe. Kwa sauti. Nimeshika kibuyu.

Nilikuwa nimefikiria mikono yake tu itakavyofungwa. Yangu sikuifikiria. Mzee mzima, mtoto wa Mchagga, nimeshuhudia isale ngapi maishani? Isale inafunga wote wawili. Hata mbuzi alijua.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwenda kwa Baba Mdogo. Nikamuuliza, tangu lini maneno ya isale yana mkutano wa watu ndani yake? Alipoyasema kwa baba yangu hayakuwemo. Kwa mkono na kwa mdomo, basi.

Safari hii alisikia vizuri. Obedi alikuja kwake siku moja kabla ya isale. Na paja la ng'ombe. Akamwambia siku hizi watu hawauani kwa mapanga, wanauana mikutanoni, ingefaa na hilo liwemo. Baba Mdogo akaona ni busara. Paja zima, akasema, na akaonyesha kwa mikono ukubwa wake.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 14 Desemba

Nimeandika hili mara tatu na kulifuta. Obedi alijua. Alijua tangu aliposikia Mama Ndeshi anaandaa ulezi, pengine kabla. Akalia machozi yake, akala mbuzi wangu, akaondoa kiapo kilichokuwa cha uongo tangu mwanzo. Hajapoteza kitu. Namchukia. Namchukia kuliko siku ya korti ya kwanza, maana siku ile alinipita mbio tu, safari hii amenishinda akili.

Baada ya ibada nikamfuata mchungaji. Nikasema mimi Mlutheri, jani la kipagani linanihusu nini? Nilitaka aseme halinihusu. Akasema jani ni jani, Mkristo haliogopi. Nikafurahi. Halafu akasema, "Lakini kiapo ulikitoa kwa mdomo wako, mzee. Jani halikusema neno."

Hata kanisani mlango umefungwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Kijiji kimejaa. Magari ya Dar kila uani, nyama kila uani. Vijana wa mjini wamenizunguka baada ya ibada. Mzee gombea, tutakupigia debe, Obedi kachosha, hayo ya majani ni mambo ya enzi za mababu. Wanaahidi ushindi wa kishindo. Na nawaamini. Ningeshinda. Nimepiga hesabu za vichwa, ningeshinda vizuri sana.

Siamini isale. Siamini hata kidogo.

Ndeshi alikuwa jikoni anamenya ndizi, ameketi kwenye kigoda na miguu imenyooshwa, imevimba. Mumewe amerudi, anamcheka. Nikatoka nje.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Nimechukua fomu ya kugombea. Mwisho wa kurudisha Ijumaa. Kuna swali: je, wewe ni mufilisi? Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Nikaitazama hiyo HAPANA muda mrefu.

Mama Ndeshi kaiona fomu mezani. Ameweka sahani juu yake, akanipakulia.

Jumatano, 7 Januari

Hospitali. Daktari anasema presha ya Ndeshi imepanda, asikae mbali na hospitali, amelazwa. Presha inawapanda wanawake wengi wajawazito, akasema. Najua. Miguu ilivimba tangu Novemba, kabla ya mbuzi, kabla ya jani, kabla ya kila kitu. Haihusiani. Nimemwambia Mama Ndeshi haihusiani, naye hakuwa ameniuliza.

Obedi alikuja hospitali na chupa ya mtori. Nikampisha kiti. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeteremka chamani na fomu mfukoni. Suruali safi, viatu vimepakwa rangi. Kuna benchi nje ya ofisi. Nikakaa kwanza, nipumue.

Niliona sura ya Obedi akitangazwa ameshindwa. Niliona mkewe anainamisha kichwa. Nimeiona picha hiyo miaka miwili, kila siku, na leo ilikuwa mbele yangu, mlango wa mbao tu katikati yetu. Ningeingia na kutoka kabla chai haijapoa.

Siamini isale. Nimelirudia hilo pale kwenye benchi kama mtoto anayekariri. Siamini. Lakini nikikosea, atakayelipa ni mtoto wa Ndeshi, siyo mimi. Kama ingekuwa ni kichwa changu ningeingia mbio.

Karani akatoka na funguo. "Shikamoo mzee. Una shida?"

"Marahaba. Sina."

Akafunga mlango. Nikapanda mlima.

Jumamosi, 17 Januari

Amepita bila kupingwa. Sikwenda. Nilikuwa napogoa kahawa, nikasikia makofi kutoka chini, kisha kwaya. Besi yake niliitambua.

Nimekata tawi lililokuwa zima. Nikalikanyaga.

Nimekuwa mtu huru tangu Desemba. Ninaruhusiwa kukopa, kuuza, kununua, kugombea chochote nchini. Na lile moja nililoutakia uhuru wenyewe, sina ruhusa. Mama Ndeshi amenipa chai na hakunipa pole. Nimeshukuru kwa hilo.

Jumatano, 21 Januari

Msichana. Amezaliwa jana. Mama mzima, mtoto mzima, analia kama king'ora. Nimesimama mlangoni wodini. Muuguzi akaniambia babu toka, unazuia njia.

Jumapili, 25 Januari

Mvua imekatika. Ndeshi na mtoto wako ndani, Mama Ndeshi anawapikia.

Obedi amekuja jioni na maziwa. Tukakaa nje sisi wawili. Halafu akasema, anatazama korongo, "Nilijua umekuja kunifunga. Ndiyo maana nilipokea haraka, kabla hujabadili mawazo."

Nikamuuliza paja la ng'ombe lilimgharimu nini. Akasema, aisee, kuliko mbuzi wako. Yule mzee anakula.

Nikacheka. Lilinitoka tu. Naye akacheka mpaka akakohoa, na Mama Ndeshi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Nilichukia kwamba nimecheka. Nachukia hata sasa ninapoandika. Kile kiapo cha Marangu sijakisamehe na sidhani nitakisamehe.

Akauliza jina la mtoto. Nikamwambia bado. Akanywa chai, yenye sukari, akasimama. Njia ya korongoni ina utelezi, naye macho yake ya jioni si mazuri tena. Nikachukua fimbo nikamsindikiza mpaka ng'ambo.